Bei Iliyokataa Kupatana

Jumamosi ya tarehe 31 Agosti 2024, saa tatu asubuhi, nilikaa jikoni kwangu hapa Manchester, simu mkononi, nikimshikia foleni ya mtandaoni dada mmoja ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Siku nne kabla, Oasis, bendi ya roki ya hapa Manchester, walikuwa wametangaza kurudi jukwaani baada ya miaka 15. Ilipofika zamu yangu alasiri, tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa pauni 150 hivi ilisomeka zaidi ya pauni 350.

Jambo hilo liliniuma kama fedha ni zangu. Sisi tuliozoea Kariakoo tunajua kwamba bei ya kwanza ni ya kufungulia mazungumzo, na mteja anavyozidi kusimama ndivyo inavyoshuka. Hapa watu walipanga foleni tangu asubuhi na bei ikapanda wakiwa wamesimama, tena bila muuzaji wa kuombwa apunguze, ila saa ya kuhesabu dakika kwenye kioo. Kwa kima cha chini cha mwaka ule, pauni 11.44 kwa saa, tiketi moja ilikuwa zaidi ya saa 30 za kuogesha na kulisha wazee wa watu. Bendi ilisema haikujua kwamba mfumo huo wa bei kupanda kadiri wanunuzi wanavyozidi ungetumika, na mamlaka ya ushindani wa biashara ikaanza uchunguzi. Mimi naiita dhuluma. Nanyi mnaojiandaa kuja huku, msipige hesabu kwa bei mliyoiona jana: nauli ya ndege ya Desemba hufanya vivyo hivyo, na wengi wameahidi nyumbani tarehe ya kufika kabla hawajakata tiketi.

Mwenzangu aliniambia niifunge simu. Kisha akatoa kwenye kopo la biskuti kipande cha tiketi ya onyesho la Oasis la Knebworth, Agosti 1996, kimelainika kama noti ya zamani, bei yake pauni 22.50. Kwa siku mbili pale walihudhuria watu wapatao 250,000, na walioomba tiketi walizidi milioni mbili.

Yeye ni mzaliwa wa Burnage, mtaa wa Manchester waliokulia Noel na Liam Gallagher, ndugu wawili wanaoiongoza Oasis, na ndiye aliyenieleza habari iliyonifanya niwapende watu hawa: mama yao, Peggy, ni mhamiaji kama mimi, aliyetoka Mayo, Ireland, akaja kufanya kazi Manchester, na akamwacha mume mkatili usiku, akiondoka na wanawe watatu. Noel alikuwa akibeba na kutunza vyombo vya bendi nyingine kabla ya kujiunga na ile ya mdogo wake mwaka 1991. Miaka mitatu baadaye albamu yao ya kwanza iliuzwa kwa kasi ambayo hakuna albamu ya kwanza iliyowahi kuifikia Uingereza hadi wakati huo. Mwana wa mhamiaji kupanda hivyo, kwa lafudhi ileile ya mtaani ambayo mimi ilinichukua mwaka mzima kuielewa kazini, ni jambo ninalojivunia kana kwamba ni wa kwetu.

Kilichonisumbua zaidi ya bei ni ule ugomvi. Agosti 2009, jijini Paris, ndugu hao waligombana nyuma ya jukwaa hadi gitaa likavunjwa, Noel akaondoka, na bendi ikafa usiku huohuo. Kwetu wazee wasingekubali. Wangeitisha kikao, mkubwa na mdogo wakalishwe mkeka mmoja mpaka waelewane, kwa sababu mama yao yu hai. Tarehe 4 Julai 2025 mjini Cardiff walipotokea jukwaani wameshikana mikono, wameiinua juu, nilimwonea Peggy furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Wiki moja baadaye walifika Heaton Park, hapa kwetu. Mwenzangu alinichukua hadi kwenye kilima kilicho ndani ya bustani hiyo, walikojaa maelfu wasio na tiketi, na siku chache baadaye halmashauri ya jiji ikakizungushia uzio. Ilikuwa saa mbili usiku na jua bado linawaka. Tulitandika khanga yangu nyasini, nikampa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, na muziki ulipoanza alisimama akaimba neno kwa neno, kipande cha pauni 22.50 kikiwa mfukoni mwake.