Jalidi Kwenye Bawa, Njombe

Julai ya Njombe haina utani. Usiku ukikosa wingu na upepo, asubuhi unakuta jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, imeunguza viazi vya watu na majani yamekuwa meupe pe.

Asubuhi kama hiyo tulikuwa tunampeleka shangazi Dar kwa matibabu, kwa ndege ndogo ya injini moja iliyokuwa imelala kiwanjani. Nilishamfunika blanketi mbili, bahasha ya eksirei nimeikumbatia, nataka tuondoke. Rubani, mzee mmoja mpole, akapitisha kiganja juu ya bawa lililotanda jalidi. "Bado," akasema.

Mlinzi, kwa nia njema, akaleta ndoo ya maji ya moto. Rubani akamzuia. "Asante, kaka, ila yatatiririka mpaka kwenye bawaba za bawa yagande humo, halafu nikitaka kukata kona zigome." Tukaisukuma ndege ielekee jua, tukaanza kusugua kwa matambara.

"Lakini mzee, kitu chembamba hivi kina uzito gani?"

"Achana na uzito. Gusa."

Kilikwaruza kama msasa. Akanieleza huku mikono ikiendelea: hewa inapaswa kuteleza juu ya mgongo wa bawa ikifuata umbo lake. Ikikutana na ule ukwaruzi inaishiwa kasi, inabanduka mapema, na bawa linaacha kubeba. Tena linaacha kubeba hata kabla pua haijanyanyuliwa kiasi alichozoea rubani, na king'ora cha kuonya huenda kisilie, maana kimepangwa kwa bawa safi.

Miaka baadaye nilikuta matokeo ya vipimo vya kitaalamu: jalidi yenye unene na ukwaruzi wa msasa, kwenye ukingo wa mbele na mgongo wa bawa, inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa hadi asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa hadi asilimia 40. Na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Yaani hata bila jalidi, bawa limeshakatwa posho.

Nilisoma pia habari za Dryden, Kanada, tarehe 10 Machi 1989. Theluji ilikuwa juu ya mabawa ya ndege ya abiria aina ya Fokker F28, na abiria waliiona dirishani, wakiwemo marubani waliokuwa safarini kama abiria tu. Hakuna aliyewafikishia taarifa waliokuwa kwenye usukani. Ndege ikaanguka mara tu baada ya kuruka, wakafa watu 24.

Sisi tulikuwa na shangazi. Aliponiona natazama saa mara kwa mara, akaninyamazisha: "Mwache baba wa watu amalize. Nimeumwa mwaka mzima, nusu saa ndiyo itaniua?"

Rubani alimaliza mabawa, akaenda mkiani, akapapasa tena kote kwa kiganja kitupu. Tulipoondoka, ndege ilikula sehemu kubwa ya kiwanja kabla ya kuinuka, na hapo mabawa yalikuwa masafi.