Nilivyojifunza kukabidhi mgonjwa kwa maneno machache

Watu wakisikia nipo kwenye kikosi cha dharura cha wanafunzi chuoni, swali la kwanza huwa ni damu. Jamani, damu tunaiona mara chache. Zamu nyingi ni kifundo cha mguu kilichoteguka, mtu aliyezimia kwenye joto, pumu iliyobana; na wikiendi, pombe.

Ufundi wenyewe unafundishika. Kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kisha pumzi 2: ukirudia kwenye mdoli mpaka mabega yawake moto, mwili unashika. Kilichonitoa jasho ni kuongea. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakifika hawataki hadithi, na mimi ni mtu wa hadithi.

Dawa yangu ilikuwa daftari dogo la mfukoni. Kila ukurasa niliupigia mistari kabla ya zamu: umri, kilichotokea na saa ngapi, tulichokuta, tulichofanya. Chini yake mzio, dawa anazotumia, magonjwa ya zamani, na mara ya mwisho kula. Kisha nikawa najizoeza kwa sauti bwenini, mwenzangu wa chumbani akinikata kila nilipoanza kuzunguka.

Usiku mmoja tuliitwa kwa redio ya upepo: kijana ameketi kwenye ngazi, anatetemeka, nguo zimelowa jasho, anajibu ovyo. Marafiki zake wakasema, "Huyu kalewa tu, mwacheni alale." Hakunuka pombe. Kwenye mkono alikuwa na bangili iliyoandikwa kisukari. Mwenzangu alimpima sukari, ikasoma milimoli 2.6 kwa lita. Chini ya 4 tayari ni hatari kwa anayetumia insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, tulimpa juisi ya matunda kidogo kidogo. Saa niliiandika kwenye glavu, maana mkono wa pili ulikuwa umemshika bega. Baada ya dakika 15 tukapima tena: 4.3, na akaanza kuuliza viatu vyake viko wapi.

Mhudumu aliposhuka garini nilimwambia: mwanaume, miaka 20, kisukari, anatumia insulini, alikutwa amechanganyikiwa, 2.6 imepanda hadi 4.3 baada ya juisi, hana mzio. Akauliza swali moja tu, "Amekula lini?" Nilikuwa nalo: mchana, na jioni alichoma sindano bila kula.

Kuhusu masomo, sipokei zamu ya usiku kabla ya mtihani, basi. Kilicho kigumu zaidi ni usiri, kwa sababu wagonjwa wetu tunasoma nao. Yule kijana tunakaa naye darasa moja. Nilisubiri anisalimie yeye kwanza, na wenzangu waliponiuliza nimemjulia wapi, nikasema darasani.