Kifaa cha mtetemo kwa kiziwi: angalia haya kabla hujatoa hela

Wazazi wengi mnaniuliza kuhusu vile vifaa vya kuvaa mkononi au kifuani vinavyotetema mtu akiongea, leo naandika kwa kirefu maana ni hela nyingi na wauzaji wanaahidi mno.

Kwanza sio kifaa cha kila kiziwi. Mtoto akiwa bado anasikia kidogo anza na shimesikio la kawaida, kile kifaa cha sikioni cha kukuza sauti, na kama mshipa wa kusikia ni mzima kaulizie upandikizaji, yani upasuaji wa kuweka waya ndani ya sikio unaopeleka sauti moja kwa moja kwenye mshipa, Muhimbili walianza kuufanya 2017. Mtetemo ni kwa ajili ya wale ambao njia hizo zimegoma. Mwanangu aliugua homa ya uti wa mgongo, na baada ya ugonjwa ule mfupa unaweza kuota ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, hadi waya wa kupandikiza ukakosa pa kupita. Wengine wanazaliwa bila mshipa wenyewe, hao hata ukuze sauti vipi haifiki.

Halafu jua kwamba ngozi haiwezi kazi yote ya sikio. Sikio zima linapokea mitetemo kuanzia 20 mpaka 20,000 kwa sekunde, ngozi inahisi vizuri zaidi kwenye 250 hivi, ikikaribia 1,000 inaanza kupotea. Kwa hiyo sauti kali kama s lazima kifaa kiigeuze iwe mtetemo ambao ngozi inaweza kuuhisi. Tactaid 7 ya Marekani ilikuwa na mota saba, yani vitetemeshi vidogo, sauti nzito zinatetema upande mmoja na kali upande mwingine, Buzz ya Neosensory ni bangili ya mota nne, na vipo vya mota moja vinavyotoa mdundo tu. Watu wanakimbilia mota nyingi, mi naona cha kuangalia kwanza ni kifaa kinasaidiaje pale kusoma midomo kunaposhindwa.

Simama mbele ya kioo useme papa, baba, mama bila kutoa sauti. Midomo inafanya kitu kile kile! Sasa weka kiganja kooni useme kwa sauti: kwenye mama mtetemo haukatiki, kwenye baba unafifia katikati, kwenye papa unakatika kabisa halafu unarudi. Hiyo tofauti ndo mwanao anaihitaji, na hata mota moja inaweza kuileta kama kifaa kinajibu haraka. Kikichelewa maneno yote matatu yanakuwa mvumo mmoja, achana nacho hata kama kina programu nzuri kwenye simu.

Jaribu pia feni ikiwa imewashwa. Kifaa kisichojua kuchuja kelele kitatetema muda wote, na ngozi ikitetemeshwa bila kupumzika inazoea, inaacha kuhisi, yani mtoto amevaa na hapati chochote. Angalia na maiki iko wapi, ikikaa karibu sana na mota inaudaka mtetemo wake yenyewe. Chaji ikae siku nzima ya shule, huku kwetu umeme ndo huo. Waya ziwe za kubadilishika, na mkanda ufulike, joto la Dar na jasho la mtoto sio mchezo.

Mtu mzima aliyepoteza usikivu ukubwani anafaidika mapema, kwa sababu Kiswahili tayari anacho kichwani, mtetemo unamjazia tu kile midomo inachoficha na unamsaidia asiongee kwa kupayuka. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana cha kulinganisha nacho, kwa hiyo naomba sana lugha ya alama ianze kwanza na isisimamishwe eti kwa sababu kifaa kimekuja. Yeye kwenye mtetemo anaanza na vitu vidogo, kujua ameitwa, kujua mlango umegongwa, kugundua kwamba akitoa aaa bangili inatetema na akinyamaza inanyamaza.

Kama hela bado, mkono ni bure. Marekani miaka ya 1920 mwalimu Sophia Alcorn alifundisha wanafunzi wasioona wala kusikia kuweka dole gumba kwenye midomo ya mwenye kuongea na vidole vingine shavuni na kooni, njia ikaitwa Tadoma kwa majina ya wanafunzi wake wawili, Tad na Oma. Mi na mwanangu tunafanya hivyo jioni, mkono wake kwangu halafu kwake mwenyewe, sasa hivi tuko kwenye pata na bata. Muuzaji naye mwambie unataka kukaa na kifaa nyumbani wiki kadhaa kabla ya kulipa, akikataa tafuta mwingine.