Jumatano ya Bei Mpya

Leo Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, kutangaza bei kikomo za mafuta. Huwa nazisoma kabla hata ya chai, maana ninaendesha SLK 200 Kompressor, ile Mercedes ndogo ya viti viwili inayokunja paa lake la chuma. Injini ni ya lita 1.8, nguvu za farasi 163.

Kompressor ni pampu ya hewa inayozungushwa kwa mkanda na injini yenyewe. Turbo husubiri moshi uisukume, hii haisubiri. Taa za Mwenge zikiruhusu, ukigusa tu pedali unasikia mluzi mwembamba chini ya boneti na mgongo unajibana kwenye kiti. Raha yake siichoki.

Ila hewa ikishindiliwa inapata joto, na petroli dhaifu ikikutana na joto hilo inalipuka kabla ya wakati. Injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu zinashuka na ulaji wa mafuta unapanda. Gari hili linataka oktani 95, yaani petroli inayostahimili joto hilo bila kulipuka mapema, basi ndiyo linayopata.

Ndiyo maana uchakachuaji unaniuma kweli. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na enzi zile yakiwa bei rahisi watu waliyachanganya kwenye petroli bila huruma. Vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta yasiyochakachuliwa, vilivyoanza kuwekwa mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa iliyopandishwa mwaka uliofuata, vilitusaidia sana wenye injini za namna hii. Hata hivyo nina sheli moja tu ninayoiamini, yenye foleni ya bajaji na bodaboda kutwa nzima, kwa hiyo mafuta hayakai sana kwenye matangi yao.

“Kaka, ya elfu hamsini kama kawaida?” dada wa pampu ananiuliza. Tunaangalia wote mita isome sifuri, kisha ananikatia risiti.

Nyumbani wananishauri niuze. Siuzi. Kazini naenda na daladala, hela ya mafuta naitunzia Jumamosi.

Bei imepanda tena. Bagamoyo nitakwenda, ni karibu. Morogoro nimeisogeza mbele mpaka fundi akague cheni ya taimingi, ile inayooanisha vali na pistoni, maana kwenye injini hizi hurefuka kadiri gari linavyozeeka, na ikiruka meno hasara yake ni injini nzima.