Simu bila msiba

Nimerudi Unguja baada ya miaka 17 Dubai, na sikumwambia mtu ndege yangu inatua lini. Nilinunua laini pale pale uwanjani, nikampigia mtoto wa dada yangu anifungulie mlango, maana ilikuwa saa nane usiku. Ikaita weee, mwisho akapokea. Nikasema ni mimi. Hakuniamkia. Alisema, "Mjomba? Nani kafa?"

Nilicheka, lakini njia nzima kwenye teksi nilikuwa nalifikiria swali lile. Kosa ni langu. Kule Imarati kupiga kwa WhatsApp kulifungwa, kwa hiyo miaka mingi nilikuwa nawatumia sauti tu, nao wananijibu kwa sauti wanapopata nafasi. Simu yenyewe, ya kuita na kupokea, nilipiga mara chache sana. Na nikihesabu, kweli, nyingi zilikuwa za mazishi.

Neno hili simu lina kisa na mimi. Nilipoanza kazi ya umeme 2007 niliwekwa chini ya fundi Muajemi, mtu wa Bandar Abbas. Siku ya kwanza yuko juu ya ngazi, kichwa kimezama darini, ananyoosha mkono chini: "Sim! Sim!" Nikatoa Nokia yangu mfukoni nikamwekea kiganjani. Alishuka ngazi, akaitazama ile simu, akanitazama mimi, kisha akaenda mwenyewe kuchukua roli la waya wa mbili na nusu. Sim kwao ni waya. Ni fedha pia, ile madini. Hadi namuaga yule bwana, alikuwa akitaka waya ananiambia, "Nipe Nokia."

Baadaye nikamweleza kwamba neno lake tumeishi nalo Zanzibar zaidi ya miaka mia, kama tulivyolichukua hilo la mji wake: bandari. Akaniuliza, sasa nyinyi waya mnauitaje? Nikamwambia waya, kutoka kwa Waingereza. Akaona mambo yetu ni kichekesho, na sikuwa na la kujitetea. Tulikopa waya kwa Muajemi tukaufanya simu, halafu ikabidi tukakope waya mwingine.

Lakini ukitazama wakati wenyewe, inaeleweka. Mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash, waya wa kampuni ya Kiingereza ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Kabla ya hapo habari ya Unguja kufika London ilisafiri kwa meli wiki na wiki. Wazungu kile chombo walikipa jina la Kigiriki, telegrafu, lenye maana ya kuandika kwa mbali. Wazee wetu hawakuhangaika na mbali. Wao na dau zao walishazoea mbali. Kigeni kilikuwa ule waya unaotoka majini, na waya una jina. Jengo la kampuni ile bado lipo Shangani, sasa ni hoteli, watalii wanakunywa kahawa wakitazama bahari ile ile ulimopita waya.

Kwa hiyo simu ya kwanza haikuwa na sauti. Hili nilikuwa nalijua kijuujuu, mpaka juzi nilipomsimulia mama swali la mjukuu wake usiku ule. Mama ana miaka themanini na kitu. Hakucheka. Akasema, "Kauliza vizuri. Simu ilikuwa karatasi."

Ikawa kama nimefungua bomba. Tarishi wa posta akikata kona na baiskeli yake kwenye kichochoro chetu, wanawake walianza kulia kabla hajashuka, kila mmoja akiomba apite mlango wake. Simu ililipiwa kwa neno, na hakuna aliyelipa ili aulize hali. Salamu zilikuwa kazi ya barua. Waya ulikuwa na maneno matatu manne. Simu ya mjomba wangu ilikuja kutoka Pemba: KAKA MGONJWA SANA NJOO. Mama akaanza kulia hapo hapo. Nikamuuliza kwa nini, si imesema mgonjwa? Akanitazama kama nimelelewa porini. "Mgonjwa sana ndiyo hivyo, mwanangu. Walishamzika."

Baadaye chombo cha kusemea kikaja kikaliteka neno, na ile karatasi yenye jina lake ikabidi itafutiwe jina la ukoo: simu ya maandishi. Ya redio ikawa simu ya upepo, yaani, kwa Muajemi wangu, waya wa upepo. Yeye redio ile anaiita bisim, bila waya. Masikio yangu hayajaacha kusikia "bila simu". Kisha zikaja za mkononi, na safari hii ile nzito ya sebuleni ndiyo iliyoongezewa jina, ikawa simu ya mezani. Kenya waliileta rununu, neno zuri la minong'ono, lakini mtaani hata huko watu wanasema simu basi. Hata kile kikadi cha ndani, kisicho na waya wowote, tumekiita laini.

Nilipoondoka hapa, simu ilikuwa kubipu. Bipu moja nimefika, mbili nipigie, na ole wako upokee ya kwanza ukamlia mtu salio lake. Ukisema "yuko kwenye simu" watu walishusha sauti, mtu anaongea. Nimerudi, dada akaniambia kijana wake yuko kwenye simu, nikanyata kama paka kuingia chumbani. Kijana kalala chali, kimya, kidole kinapanda na kushuka. Alikuwepo "kwenye simu" tangu asubuhi na hajasema neno na mtu. Na mpwa wangu akiniambia "nitumie kwenye simu", anataka pesa. Namba ni ile ile.

Kupiga, ndiyo wameacha. Nilimuuliza binti wa dada yangu ikoje mtu anashika simu masaa kumi na ikilia anashtuka. Akasema kwa upole, kama anamfundisha mgeni: "Mjomba, siku hizi mtu hakurupuki tu akapiga. Unamwandikia kwanza, unamuuliza kama naweza kukupigia. Akikupigia ghafla, basi ujue kuna jambo." Bibi yake, pale pale kwenye mkeka akichambua mchele, akaitikia kwa kichwa. Mmoja ana kitochi cha vitufe, mwingine ana simu ya kamera tatu, na mimi katikati yao ndiye pekee niliyekulia kwenye miaka ile michache ambapo simu ikilia tulikimbilia kuipokea.

Siku hizi nawaandikia kwanza: napiga, hakuna msiba. Mama haandiki. Jana saa tano usiku kitochi chake kilinipigia, nikaruka kitandani, nikagonga kidole mguuni, moyo unadunda. Alikuwa chumba cha pili. Alitaka kujua kama mlango wa uani nimetia komeo.