Nalidhania

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa jumuiya. Neno letu wiki hii ni 2 Wafalme 5:9-14, habari za Naamani, jemadari mwenye ukoma aliyemwendea nabii Elisha apone. Huwa namcheka yule jemadari kwa kukasirika eti ameambiwa akaoge Yordani. Safari hii nimekwama kwenye neno lake moja: nalidhania. Alishapanga kichwani nabii atatokaje, atasimama wapi, mkono ataupitisha vipi.

Nivumilieni nitoke kidogo nje ya Biblia. Mwanangu wa kidato cha tatu amenisimulia habari ya sayari iliyogunduliwa mwaka 1995 kwenye nyota iitwayo 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua letu, umbali wa miaka kama 50 ya mwendo wa nuru. Kwa mataa ya Dar huioni hata upande ghorofani. Sayari yenyewe ni jitu la gesi, uzito karibu nusu ya Jupita. Sasa Jupita yetu iko mbali na Jua na huzunguka mara moja kwa karibu miaka 12, kwa hiyo waliokuwa wakitafuta majitu ya aina hiyo walijiandaa kungoja sana. Hili lilikuwa limejibanza ubavuni mwa nyota yake, kwenye joto la karibu nyuzi 1000, na linamaliza mzunguko kwa siku 4 na saa chache. Tukiachana Jumatano hadi Jumatano, kule umepita zaidi ya mwaka mmoja na nusu!

Aliyekuwa akipima ni Didier Queloz, mwanafunzi wa Profesa Michel Mayor wa Geneva. Sayari hakuiona. Aliona nyota inayumba, kama inayovutwa na kitu kinachoizunguka, inasogea na kurudi kwa kasi ya mita kama 56 kwa sekunde, akadhani programu yake ya kompyuta ina kasoro. Walirudia vipimo, wakatangaza Oktoba mwaka ule, na mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliopewa Nobel ya fizikia.

Mwanangu alikuwa anajisomea tu. Mimi usingizi uliniruka.

Tangu mama apate kiharusi, naomba gari. Mnapajua kwetu Kimara, kule bondeni: teksi haifiki, ni ngazi za viroba vya mchanga mpaka barabarani. Nimefunga, nimekesha, nimemtajia Bwana mpaka rangi. Asubuhi moja kijana wa kijiwe cha bodaboda pale juu, yule yule niliyemshtaki kwa mjumbe kwa ajili ya muziki wake, alishuka, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama akasema, "Bibi, panda." Tukamfunga mama mgongoni kwa kanga mbili kama mtoto, akapanda naye taratibu, anahema, mama anamwelekeza pa kukanyaga. Kila Alhamisi ya kliniki, mwezi wa saba huu. Hela ya soda anapokea, ya kubeba hataki.

Na mimi jioni narudi kupiga magoti, naomba gari.

Alhamisi iliyopita nikaona aibu, nikamuuliza jina lake la ubatizo ili nimwombee kwa jina. Alikuwa anafuta jasho kwa kofia. Akamtazama mama, wakacheka wote wawili.

"Mimi Muislamu, mama. Bibi hajakwambia? Anajua tangu siku ya kwanza."