Mkalimani wa sebuleni

Mama yangu hajui Kiingereza wala Kikorea, na maandishi yanayopita chini ya skrini hawezi kuyakimbiza hata yangekuwa ya Kiswahili: jicho moja lishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili linasubiri zamu. Alipohamia kwangu Dar kutoka Muheza, runinga ilikuwa moja, na watazamaji wawili wasiolingana. Mimi na filamu zangu za usiku, yeye na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo alizitazama huku akizisema. "Huyu mwanamke kaanza kulia Jumatatu, leo Alhamisi chozi halijafika kidevuni." Mtu mwenye ulimi kama huo nikaona ni hasara kumwachia waliao wiki nzima. Nikaamua kumtafsiria.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, kazi hii tunaijua kwa kuisikia. Lufufu alitufasiria filamu za nje kwenye kanda za video, na Kenya wana DJ Afro mpaka leo. Hawa hawakuwa wakalimani wa neno kwa neno. Walitia chumvi, walimsengenya adui, na muigizaji akinyamaza wao wanaendelea. Kibandani inanoga, kwa sababu watu wamejaa na kelele ni sehemu ya kiingilio. Sebuleni ni kwingine. Siku za mwanzo nilipokuwa naigiza Ulufufu wangu, Mama alininyooshea kiganja: "Hebu nyamaza, nisikie mlango." Kweli, kulikuwa na mlango unafunguliwa taratibu kwenye hiyo filamu, na mlango ule ndio uliokuwa habari yenyewe.

Kuanzia hapo nikajipangia utaratibu. Kila kitu nakitazama kwanza peke yangu, usiku, kwa simu, bando la usiku likiwa nafuu. Wahusika nawapa majina ya utani, kwa sababu majina ya Kikorea yanamchanganya na yananichanganya na mimi. Kabla tukio halijaanza namwambia kwa sentensi moja nani anataka nini kwa nani, halafu nakaa kimya, naingiza maneno pale tu ambapo bila hayo atapotea. Sauti naiacha ya lugha yenyewe. Ile ya Kiingereza iliyobandikwa juu inaua kilio: mama wa Kikorea aliyefiwa anasikika kama mtangazaji wa habari za biashara.

Kutazama kwanza kuna faida nyingine ambayo kila aliyewahi kukaa sebuleni na mzazi anaijua. Najua dakika gani ya kukumbuka kwamba chai iko jikoni na dakika gani ya kupeleka mbele. Mara moja aliniuliza, "Umerusha nini hapo?" Nikamwambia matangazo. "Mbona mengine huyarushi?" Sikuwa na jibu.

Squid Game, tamthilia ya Kikorea, ndiyo iliyotufungulia njia. Ile ya kwanza, ya 2021, sehemu 9. Watu 456 wenye madeni wanafungiwa kisiwani wacheze michezo ya watoto, anayeshindwa anauawa. Nilidhani damu ingemkimbiza. Kilichomshika ni madeni. Gi-hun, yule baba wa kamari, akawa Mzee Mikopo. Sang-woo, mwenzake aliyesoma chuo kikubwa na fedha za watu zikamteketea mkononi, akawa Msomi. Kila Msomi alipofungua mdomo Mama alikuwa anasonya kabla sijatafsiri.

Kama hujaitazama, ruka aya hii. Kwenye mchezo wa kwanza, lile lidoli likigeuka watu wanapigwa risasi, kuna babu mwenye namba 001 anakwenda mbele anacheka. Mama akaegemea mbele. "Mgonjwa wa ubongo, risasi zinalia, anacheka? Huyo babu yuko kwake." Mimi nilikuwa nimeshaijua siri yake kwa kuifikia mwisho, yeye kaisoma usoni katika sehemu ya kwanza. Na bado sehemu ya gololi ilimliza. Mzee Mikopo anamlaghai babu, wanafumba gololi mkononi wanabahatisha witiri au shufwa, na babu anajifanya kasahau. Pale sikutafsiri karibu chochote. Sura za wale wawili zilitosha.

Sasa ile sehemu ya matajiri wenye vinyago vya dhahabu, hapo nasema waziwazi: waliigiza vibaya. Wanaongea Kiingereza kama wanasoma kibandiko cha dawa, na utani wao haufiki popote. Nikashukuru kuwa mimi ndiye mkalimani, maana nusu ya maneno yao niliyatupa na hadithi haikupungukiwa. Huko ndiko nilikopata kipimo ninachokitumia mpaka leo: maneno ninayoweza kuyatupa bila Mama kuuliza swali, mwandishi naye angeyatupa.

Kwa kipimo hicho msimu wa pili, wa 2024, ulianguka. Wachezaji wanapiga kura kila baada ya mchezo, waendelee au waondoke, na kila kura ina hotuba zake. "Hiki sasa kikao cha kijiji," Mama akasema, akasinzia. Mwishoni ukakatika katikati ya mapigano ili tusubiri wa tatu mwaka uliofuata. Alikasirika kama mteja aliyelipia kilo akapimiwa nusu. Wa tatu tuliutazama kwa kudaiwa tu.

Parasite ya Bong Joon-ho, iliyochukua Oscar ya filamu bora 2020, nilimwekea kwa wasiwasi, kwa kuwa ina mazungumzo mengi. Familia maskini inayoishi chumba cha nusu chini ya ardhi inajipenyeza nyumbani kwa tajiri mmoja mmoja: mwalimu wa Kiingereza, mwalimu wa sanaa, dereva, msaidizi wa nyumbani. Mama hakuhitaji maelezo. Habari za hausigeli na mama mwenye nyumba amezisikia maisha yake yote, na upande wake ulibadilika kila dakika kumi. Yule msaidizi wa zamani alipofukuzwa kwa hila ya tunda la pichi, Mama alisema, "Hawa sasa wamezidi." Halafu mvua. Kule chini nyumba inajaa maji ya choo, wanalala ukumbini na nguo za msaada. Asubuhi bibi tajiri yuko kwenye gari anashukuru kwa simu kuwa mvua imesafisha hewa. Aliyewahi kuona Jangwani hapa Dar ikifungwa kwa mafuriko huku wengine Masaki, kwa wenye nazo, wakisifia kibaridi, haelekezwi. Mama aliniomba nirudishe hapo, nikarudisha. Kwangu mimi mwisho wake ulienda mbio na ile barua ni ndefu. Yeye anasema barua ndiyo tamu kuliko yote. Hatujapatana.

Kioja ni kwamba iliyonipa tabu zaidi ni ya hapa jirani. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya 2012, inazungumzwa Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, Sheng imejaa, na Mama ananitazama mimi: "Wamesemaje?" Na mimi nayasoma maandishi ya Kiingereza kama mgeni! Lakini tuliipenda. Mwas anaanza kijijini akiuza filamu kwa kuwaigizia wateja, anapaza sauti, anapiga risasi kwa mdomo, na Mama akaninyooshea kidole kwamba huyo ni mimi. Siku ya kwanza Nairobi anaibiwa kila kitu, analala rumande, anasafisha choo ambacho hata kukisimulia sikukisimulia. Kijana anaigiza kuliko wengi wenye majina makubwa. Wezi wenzake nao wana sura na hoja, si vibaka wa kuchorwa.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, haikunihitaji. Ni Kiswahili cha Unguja, nikakaa kimya na kikombe changu. Picha ni nzuri mno, kila kichochoro kimepigwa mwanga kama kinaposwa. Mama alilalamika kuwa wanaongea kama wana siri hata kwenye mambo yasiyo siri, na mimi niliyesoma kitabu naona Yasmin wa kitabuni ana maneno mengi na kiburi zaidi. Hata hivyo tuliitazama hadi majina ya mwisho, jambo ambalo Mama hulifanya mara chache.

Kilichobaki kunishinda ni vichekesho, hasa vya Kimarekani vyenye watu wanaocheka nyuma. Nikieleza kwa nini sentensi inachekesha, kicheko kimeshapita na kingine kinaanza. "Wanacheka nini hao?" Namwambia ni utani wa kikazi. "Kazi gani?" Mpaka nimalize kueleza ofisi yenyewe, sehemu imekwisha, na Mama ameshachukua rimoti kumtafuta Mturuki wake aone kama ameacha kulia.